Kilo Mia na Ishirini

Mizani yetu ya bafuni ilikuwa inakomea kilo mia na hamsini. Ikipita hapo inaonyesha vistari tu. Kwa hiyo Jumapili moja ya Februari nilimpeleka baba kwenye kituo cha kununulia matunda ya rasiberi. Funguo ninazo mimi, maana kila kiangazi mimi ndiye ninayepima pale. Jukwaa la mizani liko sawa na sakafu ili toroli la makreti liingie bila kunyanyuliwa, na baba hakuhitaji kupanda chochote. Aliegemeza fimbo yake ukutani, akasimama katikati, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Inasemaje?"

"Mia na hamsini na nane."

"Toa koti na buti."

"Nimeshatoa, baba."

"Ndama wa Vidoje aliuzwa akiwa na hizo hizo," alisema, "na mnunuzi akamsifu."

Baba anaitwa Radosav. Wakati ule alikuwa na miaka hamsini na minne. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha, mfupa unasaga mfupa, na kutoka kitandani hadi mezani alikuwa anakwenda kwa kushika kabati, halafu mlango, halafu mgongo wa kiti. Shamba letu la rasiberi liko mlimani juu ya nyumba, hatua mia mbili hivi, na alikuwa hajalikanyaga kwa miaka miwili. Daktari wa upasuaji kule mjini alimwambia maneno machache: ukishuka chini ya mia na ishirini nakuwekea nyonga mpya, juu ya hapo siigusi, kwa sababu nusukaputi inaweza kukumaliza, na isipokumaliza, kidonda hakitafunga. Na bila nyonga mpya ni kiti cha magurudumu. Alisema miaka miwili, labda mitatu.

Mtu asiseme hakujaribu. Alikula kabichi ya kuchemsha tangu Pasaka hadi sikukuu ya Kupalizwa, Agosti, akapungua kilo kumi na moja, zikarudi kumi na nne. Alifunga mifungo yote ya kanisa, hata ile ambayo padri mwenyewe huipunguza. Shangazi Stana, dada yake, anakaa nyumba ya pili, na kila akipita dirishani alikuwa na neno.

"Ziba mdomo, Radosav. Dawa yake ni hiyo, na haiuzwi."

"Ziba wako kwanza," baba anamjibu, "tuone kama inafanya kazi."

Mama yuko Austria, anatunza bibi wa watu, anarudi mara mbili kwa mwaka. Shule niliishia darasa la nane. Siku ile ya Februari nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nyumba ilikuwa mikononi mwangu.

Daktari wetu wa wilaya ni Jelica, mwanamke mwembamba, hana haraka. Ndiye aliyetuambia habari za sindano. Aliiweka mezani, kitu kama kalamu ya kuandikia, ya kujidunga tumboni mara moja kwa juma.

"Nitakwambieni mazuri yake na mabaya yake," alisema, "halafu mtakwenda nyumbani mkafikiri. Mazuri: mtu kama wewe anaweza kupungua sehemu moja katika tano ya uzito, pengine chini ya hapo. Sukari inashuka, presha inashuka, usingizi unatulia. Nyonga inafanyiwa kazi. Mabaya: utachefukwa, utatapika, choo kitafunga. Mtu akipungua haraka, nyongo inaweza kufanya vijiwe. Nyama ya misuli inakwenda pamoja na mafuta, kwa hiyo lazima ule nyama na mayai hata kama hutaki. Ukiacha dawa, njaa inarudi, na uzito nao kwa wengi. Na mara chache, mara chache sana, kongosho linavimba. Hilo si la mchezo. Kuna watu hawakutoka hospitali."

"Mara chache ni watu wangapi?" baba aliuliza.

"Wachache katika elfu. Lakini lazima nijue kama wewe ni mmoja wa wale walio karibu na hatari. Umewahi kuumwa kongosho?"

"Sijui hata liko wapi."

"Vijiwe vya nyongo?"

"Hapana."

"Unakunywa?"

"Sinywi," alisema baba.

Daktari akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa: hanywi.

Hatukudanganya. Hilo nimelirudia moyoni mara nyingi, na kila nikilirudia naona vile vile. Kwetu mlevi anajulikana: Mirko wa daraja la chini ni mlevi, hulala kwenye mtaro. Baba alikuwa anakunywa kiglasi kimoja cha rakia, pombe kali ya matunda, asubuhi kabla ya kahawa, kama baba yake, na kingine akija mgeni, kwa sababu mgeni hanywi peke yake. Hiyo kwetu si kunywa. Ni kuamka, na ni adabu. Daktari Jelica ni mtu wa mjini, aliandika alichosikia.

Nyumbani niliifungua ile karatasi ya dawa, ndefu kama kitambaa cha meza, herufi kama chawa. Niliisoma kwa kidole, siku tatu. Maneno nisiyoyajua niliyapita, halafu nikayarudia mpaka yakafunguka yenyewe. Kuna mstari mmoja niliujua kwa moyo bila kutaka: maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, ambayo yanaweza kufika mgongoni, acha dawa, mwone daktari mara moja.

Mama alisema kwenye simu, "Mimi niko huku, Kosara, simwoni. Wewe ndiye unayemwona. Utakavyoona."

Baba naye alikuwa ananisubiri. Alikaa mezani, mikono yake miwili juu ya kitambaa.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Yote."

"Basi sema wewe. Mimi nikisema ndiyo, nitakuwa nasema kwa tamaa. Nataka kupanda pale juu nikawatukane wachumaji mwenyewe, kabla sijafa. Mtu mwenye tamaa si wa kuulizwa."

Nilifikiri habari ya kile kiti cha magurudumu, kwenye nyumba yenye ngazi tisa mlangoni. Nilifikiri pumzi zake, jinsi zinavyokatika akilala na mimi nahesabu upande wa pili wa ukuta mpaka zirudi. Upande mwingine kulikuwa na wachache katika elfu. Kijiji chetu chote hakina hata watu mia tatu.

"Tujaribu," nilisema.

Sindano ilikaa kwenye friji, ndani ya boksi la chachu ya mkate. Baba hakutaka mtu ajue. Mwenye nyumba anayejidunga dawa ili asile, alisema, ni kama padri anayejidunga asisali. Watacheka mpaka Krismasi. Bei yake ilikuwa karibu mshahara wangu wote wa ghala la baridi, ninakofanya kazi msimu wa rasiberi ukiisha, na mama akaongeza kilichobaki.

Mwezi wa kwanza alitapika. Mwezi wa pili alitapika kidogo. Wa tatu, siku moja ya Mei, aliweka kijiko mezani sahani ikiwa nusu, akakaa akikitazama.

"Kosara," aliniita. "Pamekuwa kimya."

"Wapi, baba?"

"Humu." Akagusa kifua, halafu tumbo, halafu kichwa, kama mtu asiyejua mlango uko wapi. "Maisha yangu yote kulikuwa na mtu humu ananiita kula. Nikila ananiita, nikishiba ananiita. Leo hayupo. Nyinyi wengine mnaishi hivi siku zote?"

"Nadhani ndivyo."

"Na mlikuwa mnanisema."

Mimi pia nilikuwa nimemsema, kimoyomoyo.

Hata kile kiglasi cha asubuhi alikiacha mwenyewe, alisema kinanuka kama dawa ya madirisha. Nilimlazimisha mayai. Nilimpima kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mia na hamsini. Mia na arobaini na nne. Julai, rasiberi zilipoiva, alipanda shambani, mapumziko manne njiani, nikambebea kiti. Alikaa mwisho wa mstari wa kwanza na kofia ya majani, akawatukana wachumaji siku nzima kwa raha isiyo na kifani. Nao walifurahi. Mmoja aliniambia, "Tulidhani baba yako amekwisha." Nilikuwa nalala usiku mzima siku zile, kwa sababu ukuta ulikuwa umetulia.

Kijiji kilikuwa na maelezo yake. Kwanza ilisemwa ni saratani. Halafu ilisemwa mama amempata mwingine Austria. Shangazi Stana alishikilia kwamba ni maneno yake yeye yaliyomwingia hatimaye.

"Si nilikwambia uzibe mdomo? Ona sasa, una kiuno. Tukutafutie mume."

"Awe na trekta," baba alisema.

Mwanzoni mwa Desemba mizani ilisema mia na ishirini na sita. Daktari wa upasuaji, tulipompigia, alisema kwamba kwa mwendo ule atatuandikia tarehe: kumi na mbili Februari, tukifika na mia na ishirini kamili au chini. Baba aliiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nene, halafu akaizungushia duara.

Kwetu kila nyumba ina mtakatifu wake. Wetu ni Nikola, siku yake tarehe kumi na tisa Desemba, ndani ya mfungo wa Krismasi. Kwa hiyo meza ni ya mfungo: samaki wa bwawa, maharagwe ya kuoka, supu ya samaki, keki ya jozi isiyo na yai wala siagi. Wageni siku hiyo hawaalikwi, wanakuja, kwa sababu mtakatifu ndiye anayewaita. Na mwenye nyumba hakai. Tangu padri akate mkate mpaka mgeni wa mwisho aondoke, mwenye nyumba anasimama, anamimina, anagonganisha glasi na kila anayeingia, maana siku hiyo yeye ni mtumishi wa mtakatifu nyumbani mwake mwenyewe. Kwa miaka minne baba alikuwa ameipitisha siku hiyo kwenye kiti, kwa ajili ya nyonga. Hakuna aliyemlaumu. Lakini mimi nilimwona kila mwaka, mgeni akiingia, anavyoinua makalio kidogo kisha anarudi chini, na uso wake.

"Mwaka huu nasimama," alisema.

"Daktari hakusema usimame siku nzima."

"Hakusema nisisimame."

Nilifanya nilichoweza. Asubuhi nilijaza chupa yake ya rakia, ile ndogo anayojimiminia mwenyewe, maji ya bomba. Watu kumi na wawili waliketi. Baba alivaa shati jeupe nililolipunguza pande zote mbili. Alisimama kichwani mwa meza, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, akanywa ya kwanza na padri. Nikaona koo lake likisimama katikati. Padri alipotoka alinifuata jikoni.

"Nani ameweka maji?"

"Mimi."

"Unataka nimwamkie mtakatifu kwa maji ya kuoshea vyombo?"

"Baba, umekaa miezi saba bila. Tumbo lako halijazoea. Ile karatasi..."

"Karatasi haina mtakatifu." Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alimwaga maji kwenye sinki polepole. "Kosara, mwanangu. Siku moja. Mwakani nitakunywa chai, nitakuwa na nyonga, nitacheza ngoma. Leo niache niwe mtu nyumbani kwangu."

Nikamwacha.

Vidoje alifika saa sita. Yeye ndiye aliyenishika kwenye ubatizo, na kwetu mtu huyo anaheshimiwa kuliko ndugu wa damu, akimimina, hukatai. Alikuja na chupa yake mwenyewe ya rakia ya plamu, ya miaka kumi na miwili.

"Hii niliiweka kwa ajili ya msiba wako," alimwambia baba, "lakini naona umeghairi."

"Ninywe sasa, basi, nisije nikaikosa."

Wakacheka wote. Shangazi Stana alisema anaona aibu kukaa karibu na kaka mwenye mashavu ya msichana. Baba alimimina, akagonga, akanywa, akamimina. Samaki hakumgusa. Niliacha kuhesabu glasi kwenye ya kumi na moja, nikamsikia akitoa ile hadithi ya ng'ombe aliyepanda ngazi, ambayo alikuwa hajaitoa kwa miaka minne kwa sababu inahitaji kusimama na kuiga.

Kama saa saba na nusu hivi nilimwona akiinama kidogo juu ya meza, kama anayetafuta kisu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na rangi ya mshumaa. Aliendelea kumimina. Baada ya muda akainama tena.

Nilimwita mlangoni mwa jikoni kwa kisingizio cha mkate.

"Unaumwa."

"Tumbo. Maharagwe yako."

"Hukula maharagwe. Maumivu yanafika mgongoni?"

Alitazama pembeni, mahali ambapo kalenda imetundikwa, halafu akasema, "Peleka supu. Watu wamemaliza."

Nilijua. Hiyo ndiyo habari yote, na ningeweza kuiacha hapa. Ule mstari niliokuwa nao kwa moyo ulisimama mbele yangu neno kwa neno. Mara moja, ulisema. Nami nilichukua bakuli la supu kwa mikono miwili nikalipeleka mezani, nikawapakulia watu kumi na wawili, kuanzia kwa Vidoje. Nilijiambia: wakimaliza supu wataondoka. Walipomaliza supu nilijiambia: keki, baada ya keki. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuwaambia wageni wa mtakatifu waende. Sijui hata maneno yake ni yapi. Mimi ni mtu wa kusubiri, wote wananisifu kwa hilo. Kwenye kituo cha rasiberi wanasema Kosara hapandishi sauti hata foleni ikifika barabarani. Nilisubiri. Baba alisimama. Shati jeupe lilikuwa limemgandama mgongoni, na kila mara macho yetu yalipokutana alitikisa kichwa kidogo sana: bado.

Vidoje alianza kuimba saa kumi. Wimbo una beti nyingi, na meza yote iliingia. Kwenye ubeti wa tatu au wa nne baba alikaa.

Hakuanguka. Alikivuta kiti, akakaa, akaweka chupa mbele yake. Wimbo ulikatika kooni mwa watu mmoja mmoja, kwa sababu mwenye nyumba ameketi na wageni wapo. Vidoje ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza.

"Radosav?" alisema.

"Samahani, watu wangu," baba alisema. "Kaeni. Kosara, wamiminie."

Halafu akatapika kwenye kitambaa cha meza.

Gari la wagonjwa lilichukua saa nzima kupanda, barabara ilikuwa barafu. Hospitalini muuguzi aliniuliza dawa zote anazotumia. Nilitaja za presha. Halafu nikatoa ile kalamu ya sindano kwenye mkoba, mbele ya shangazi Stana na Vidoje, waliokuwa wametufuata na trekta hadi barabara kuu na kwa gari la mtu kutoka hapo.

"Hicho nini?" shangazi aliuliza.

Nikamwambia.

"Kwa hiyo si kabichi," alisema. "Mmemdunga sumu, mmempunguza kama mshumaa, na mimi nakaa namtania." Akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, akakifunga tena. "Miezi kumi. Ningemtania hivyo mimi, kama ningejua?"

"Acha, Stana," Vidoje alisema. "Aliyemmiminia ni mimi."

"Na wewe nyamaza."

Daktari wa wodi alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisema kongosho limevimba vibaya, sehemu moja imekufa. Alikuwa ameongea na daktari Jelica kwa simu.

"Hapa pameandikwa hanywi."

"Hanywi," nilisema. "Anapokea wageni tu."

Alinitazama kama ambaye hakusikia vizuri. Halafu nadhani alisikia, maana yeye pia ni mtu wa kwetu. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Ni sindano?" nilimwuliza. "Au ni rakia?"

"Siwezi kukuambia. Sindano peke yake inaweza, mara chache. Rakia peke yake inaweza. Kupungua haraka kunaleta vijiwe, navyo vinaweza. Sijaviona, lakini vidogo havionekani vyote. Hakuna kipimo kitakachonionyesha ni kipi."

"Kama ningemleta saa saba?"

"Angekuwa ameumia kidogo zaidi ya hapo," alisema, akajirekebisha, "kidogo kuliko hivi, nataka kusema. Pengine. Hilo nalo sijui." Halafu akaandika kitu. "Lakini dawa hii hairudi tena. Wala nyingine za ukoo wake. Hakuna daktari atakayempa."

Alikaa hospitali majuma kumi, mawili ya kwanza kwa mashine. Tarehe kumi na mbili Februari ilipita akiwa huko, na hapa ndipo mtu angeweza kucheka kama angekuwa na moyo: siku ile kitanda chake, chenye mizani ndani yake, kilisema mia na kumi na tatu. Alikuwa ameshafika, na zaidi. Nilimpigia daktari wa upasuaji kutoka kwenye korido ya wodi.

"Mtu aliyetoka kwenye hali ile simkati," alisema. "Hana nyama, hana damu. Apate nguvu miezi mitatu, ale vizuri. Akiwa bado chini ya mia na ishirini, nitampangia. Jina lake nitaliacha kwenye orodha."

Ale vizuri, na asinenepe.

Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Vidoje na wanaume wengine wawili walimpandisha ngazi tisa kwenye kiti cha jikoni. Kwa juma moja alikula mchuzi na biskuti kavu. Juma la pili nilimkuta mezani saa nne asubuhi, sahani tupu mbele yake, mkono mmoja juu ya mwingine ukiushikilia.

"Amerudi," alisema.

Sikuuliza nani.

"Nilidhani baada ya hayo yote ataniacha. Ana sauti kubwa kuliko mwanzo, Kosara. Kabla sikujua kwamba kuna kimya, nilidhani kila mtu anaishi na makelele. Sasa najua." Alinitazama. "Ingekuwa bora nisingejua."

Nilificha mkate. Halafu nikaona aibu, nikaurudisha. Nilimpikia alivyoandika mtu wa lishe, gramu kwa gramu, naye alikula chote bila neno na kukaa akitazama jiko. Siku nyingine nilisikia kabati likifunguka nikiwa bandani, nikakaa bandani zaidi kidogo ili asione kwamba nimesikia. Nyonga ilikuwa mbaya kuliko mwanzo kwa sababu miguu haikuwa na nyama ya kuishikilia. Machi alikuwa mia na kumi na tisa. Aprili, mia na ishirini na saba. Shangazi Stana anapita dirishani na hasemi kitu. Analeta supu, anaweka, anaondoka, na baba aliniambia siku moja kwamba angetoa chochote asikie tena akiambiwa azibe mdomo.

Daktari Jelica nilimwendea peke yangu. Nilimwambia juu ya kile kiglasi cha asubuhi. Alisikiliza, akavua miwani.

"Kama ungeniambia siku ile," alisema, "ningewaambia aache rakia kabisa. Ningewapa sindano vile vile. Alihitaji kupungua, Kosara."

"Kwa hiyo nilifanya sawa au vibaya?"

"Ulifanya kama ulivyojua."

Alisema kwa wema, nami nilitoka nikiwa na hasira naye njia nzima. Mtu aliyefanya vibaya hutubu, anaambiwa afunge siku kadhaa, inaisha.

Simu ililia katikati ya Mei, asubuhi, nikiwa nakaanga vitunguu. Ilikuwa ni muuguzi wa daktari wa upasuaji, sauti changamfu.

"Tuna nafasi imetokea tarehe tatu Juni, mgonjwa mmoja amejitoa. Baba ana kilo ngapi sasa?"

Baba alikuwa mezani, nyuma yangu. Redio ilikuwa inasoma bei za rasiberi za msimu, naye akanyoosha mkono akaipunguza sauti.

Ningeweza kusema mia na kumi na tisa. Nilifikiri hilo, sitaficha. Nilifikiri wangempima tu mlangoni na kumrudisha, mbele ya watu, na fimbo yake na begi la pajama.

"Mia na thelathini na moja," nilisema.

"Aa." Nilisikia karatasi zikigeuzwa. "Na dawa ile hawezi kurudia?"

"Hawezi."

"Basi nimpe mwingine hii nafasi? Au mnataka tusubiri kidogo?"

Niligeuka. Baba alikuwa ananitazama, na alikuwa amesikia upande wangu, na huo ulitosha. Hakutikisa kichwa safari hii, wala hakusema bado. Aliinamisha macho kwenye mikono yake.

"Mpe mwingine," nilisema.

"Jina niliache kwenye orodha?"

"Lifute."

Nikaweka simu chini. Vitunguu vilikuwa vimeanza kuungua, nikavitoa motoni. Nyuma yangu baba alikohoa.

"Ni mtu wa wapi, huyo anayepewa?" aliuliza.

"Hakusema."

"Kama ni mkulima, ingefaa. Juni ni kabla ya mavuno." Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba nyumbani kwa watu, alisema, "Kosara. Kuna mkate?"

Nilikata vipande viwili, vinene, nikavipaka mafuta ya nguruwe na chumvi, nikamwekea mbele, nikakaa upande wa pili wa meza mpaka alipomaliza.